Kabla ya Kununua Mashine ya Kujazia Risasi

Barabara itokayo Mbarara kuelekea mpaka wa Tanzania hupita Masha, katikati ya mashamba ya migomba. Msafiri akizidi kusonga mbele hufika Isingiro mjini, na akichepuka kuelekea ziwani hufika kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Hivi karibuni tulipita njia hiyo kwa shughuli za kazi, tukakaribishwa chai na mzee mmoja aliyestaafu jeshi akiwa koplo. Jina lake hatulitaji, kwa sababu itakayoonekana baadaye.

Mzee huyo ni mkulima hodari. Tangu alipovua sare amepanda migomba, mahindi na maharage, na maadui zake ni nguruwe mwitu na nyani. Wanyama hao hawajui mipaka ya shamba, na usiku mmoja wa nguruwe huweza kumaliza mihogo ya msimu mzima. Kwa ajili hiyo mzee anamiliki bunduki moja ya marisau, ya mtutu mmoja, nayo ina cheti cha serikali. Bunduki aliifungia ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo aliuning'iniza shingoni. Tulimsifu.

Baada ya chai aliingia chumbani, akarudi na mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani yake mlikuwa na maganda matupu ya risasi za marisau, mengine mekundu, mengine ya buluu. Yalikuwa 43. Akasema: "Afande, ninyi mnafika Kampala, na wengine mnavuka bahari. Nimesikia wazungu hujaza maganda haya upya nyumbani kwao. Nichagulieni mashine iliyo nzuri. Maganda ninayo. Marisau nitayeyusha betri za gari. Na baruti sitakosa."

Neno hilo la mwisho lilitufanya tuweke kikombe chini. Lakini swali la mzee lilikuwa swali la haki, na lilistahili jibu kamili. Tulimjibu, na leo tunalileta jibu hilo mbele ya wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa wengi wetu tutastaafu na kurudi mashambani, na wengi wetu tutaulizwa swali hilohilo.

RISASI MOJA, SEHEMU TANO

Askari aliyezoea bunduki ya vita huenda asiijue vizuri risasi ya marisau. Ina sehemu tano. Ya kwanza ni ganda lenyewe, ambalo siku hizi ni la plastiki lenye kitako cha chuma. Zamani lilikuwa la karatasi ngumu. Ya pili ni fataki, kile kidude kidogo cha katikati ya kitako kinachogongwa na pini. Ya tatu ni baruti. Ya nne ni kizibo cha plastiki, ambacho huizuia nguvu ya gesi isipenye na huyabeba marisau kama kikombe. Ya tano ni marisau yenyewe. Juu ya yote mdomo wa ganda hukunjwa kuelekea ndani, kwa kawaida mikunjo sita au minane, ili marisau yasimwagike.

Namba inayoandikwa kwenye risasi hizo ina historia yake. Tunaposema geji 12, au kalibre 12 kama wasemavyo ndugu zetu wa Kongo, maana yake ni hii: ukiyeyusha ratili moja ya risasi ya madini na kuigawa katika madonge 12 yaliyo sawa, kila donge litaenea barabara katika mtutu huo. Ndiyo sababu geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12. Kadiri madonge yanavyozidi idadi, ndivyo yanavyopungua ukubwa. Mtutu wa geji 12 una upana wa milimita 18.5 hivi, na wa geji 20 una milimita 15.6.

Tofauti hiyo ndogo imekwisha kuua watu. Risasi ya geji 20 ikitiwa kwa makosa ndani ya bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu. Mpigaji akidhani chemba ni tupu hutia risasi ya geji 12 nyuma yake, na akivuta kifyatulio mtutu hupasuka usoni pake. Kwa ajili hiyo viwanda vingi hupaka maganda ya geji 20 rangi ya manjano. Mkebe wenye maganda ya rangi mchanganyiko ni jambo la kuangaliwa kwa makini.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Katika nchi ambako kazi hiyo inaruhusiwa, hususan Marekani, watu wengi hujaza maganda yao nyumbani. Mwaka 1958 Richard Lee, fundi wa jimbo la Wisconsin, alibuni katika karakana ya nyumbani kwake kifaa kidogo cha mkono cha kujazia risasi za marisau, na kutokana nacho ikazaliwa kampuni ya Lee Precision. Katika jimbo hilohilo, mji wa Mayville, ndiko ilikoanzia kampuni ya Mayville Engineering, ambayo mashine zake zenye alama ya MEC zinajulikana sana miongoni mwa walenga shabaha.

Mashine hizo ni za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza hushughulikia ganda moja kwa wakati mmoja. Mfanyakazi hulihamisha ganda kwa mkono kutoka kituo hadi kituo: hapa fataki iliyotumika hutolewa na kitako hurudishwa katika umbo lake, pale hutiwa fataki mpya, kisha baruti, kizibo, marisau, na mwisho mdomo hukunjwa. Namna ya pili hubeba maganda kadhaa kwa pamoja katika mzunguko, na kila mvuto wa mkono mmoja wa chuma hutoa risasi moja iliyokamilika.

Mtu asiyejua angekimbilia ile ya pili kwa sababu ya wepesi wake. Wajuzi hushauri kinyume. Anayeanza huchagua mashine ya ganda moja, kwa kuwa kila hatua hupita mbele ya macho yake na kosa huonekana mapema. Mashine ya haraka hutenda kosa kwa haraka vilevile. Ikikosa kutia baruti, au ikitia mara mbili, huenda mwenyewe asitambue.

Lakini mashine, ndugu wasomaji, ndiyo sehemu ndogo ya gharama na ndogo ya akili. Cha kwanza kwa umuhimu ni mizani. Baruti ya risasi hizi hupimwa kwa greni, kipimo cha kale cha Kiingereza, na greni 7,000 hufanya ratili moja. Mashine ina upau wenye tundu la kupimia, lakini tundu hupima ujazo wala halipimi uzito, na baruti mbili zenye ujazo sawa zinaweza kutofautiana sana nguvu. Kwa hiyo kila aanzapo kazi, mfanyakazi mwangalifu huhakikisha kwa mizani kile kilichotoka kwenye upau.

Cha pili ni kitabu cha vipimo kinachotolewa na watengenezaji wa baruti. Kitabu hicho hutaja mambo matano kwa pamoja: ganda la aina gani, fataki ya aina gani, baruti gani na uzito gani, kizibo gani, na marisau kiasi gani. Kubadili kimoja ni kubadili vyote. Maganda mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kutofautiana nafasi ya ndani, na kipimo kilicho salama katika moja kikawa cha hatari katika jingine. Hapo ndipo mkebe wa mzee wetu, wenye maganda ya kila kiwanda na kila umri, ulipoanza kupoteza thamani yake.

Cha tatu ni chumba. Baruti hukaa katika chombo chake cha kiwandani, na mezani huwekwa ya aina moja tu ili zisichanganyike. Fataki hukaa katika kisanduku chake, maana hulipuka kwa mgongano, na huwa hazimwagwi pamoja chupani. Chumba hakivutwi sigara, hakiwashwi jiko, wala mtoto haingii. Na kwa kuwa risasi ya madini ni sumu, inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, anayeishika hali chakula mezani hapo, na hunawa mikono kabla ya kumgusa mwanawe.

Tuliitazama nyumba ya mzee. Ilikuwa nyumba safi, yenye vyumba vitatu, jiko la mkaa uani, na wajukuu wanne wakicheza mlangoni. Naye aliitazama pamoja nasi, asiseme neno.

"BARUTI SITAKOSA"

Hapo tukamrudisha kwenye neno lake. Tukamwuliza: baruti hiyo itatoka wapi?

Alisita. Kisha akasema kwamba kuna kijana aliyemwahidi risasi kadhaa za bunduki ya vita, naye alikusudia kuzifungua na kuchukua baruti iliyomo. "Baruti ni baruti, afande," akasema. "Marehemu baba alikuwa na gobore. Alimimina kwa kiganja, na siku zote tulikula nyama."

Katika maneno hayo yalikuwamo makosa mawili. Kosa la kwanza ni la ufundi. Baruti ya gobore ni ile nyeusi ya kale, yenye moshi mwingi na nguvu ya wastani. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na tangu hapo silaha zote za kisasa zikafuata njia hiyo. Baruti hii mpya ina nguvu kubwa zaidi kwa uzito uleule, na tena ina namna nyingi: ipo inayowaka upesi kwa ajili ya bastola na marisau, na ipo inayowaka polepole kwa ajili ya bunduki ndefu. Kila moja imetengenezwa kwa chemba yake. Baruti iliyotolewa ndani ya risasi ya vita haina jina wala kitabu. Hakuna anayeweza kumwambia mkulima atie kiasi gani, kwa kuwa haikukusudiwa kwa marisau hata kidogo. Ikiwaka vibaya, huliacha ganda nusu limeungua na kizibo kimekwama mtutuni. Risasi inayofuata humkuta huyo aliyekwama, na mtutu hufunguka kama ganda la ndizi. Kiganja cha marehemu baba hakikupata kupima kitu kama hicho.

Kosa la pili ni zito zaidi. Risasi ya vita ni mali ya taifa. Huhesabiwa inapotoka ghalani, huhesabiwa uwanjani, na ganda lake tupu huhesabiwa linaporudi. Kila askari anajua amri ya mwisho wa mazoezi ya shabaha, pale kila mmoja anapokaguliwa na kutamka kwamba hana risasi wala ganda. Watu wengine huiona amri hiyo kuwa desturi tu. Sivyo. Risasi moja iliyobaki mfukoni leo ni baruti ya mzee mwenye nia njema kesho, na kesho kutwa ni ya mwizi wa ng'ombe.

Tulimwambia mzee waziwazi kwamba sisi ni maofisa, na neno hilo la kijana tumelisikia. Hatungeweza kujifanya viziwi kwa sababu ya chai na urafiki. Uso wake ulibadilika, nasi haukutufurahisha. Tukampa njia moja ya heshima: aende mwenyewe, siku hiyohiyo, akalieleze jambo hilo kituoni, kabla halijaelezwa na mwingine.

SHERIA INASEMAJE

Uganda inayo Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na chini yake mwenye bunduki lazima awe na cheti. Cheti cha kumiliki si ruhusa ya kutengeneza. Mtu anayejaza risasi sebuleni pake bila idhini, hata kama ni za bunduki yake halali, amekwisha kuingia katika kazi ya kutengeneza risasi, kazi ambayo dola haikumwachia mtu binafsi aifanye apendavyo. Hapa nchini risasi za majeshi hutengenezwa katika kiwanda cha Luwero Industries kilichoko Nakasongola.

Ulimwengu nao unalitazama jambo hilo hivyo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa juu ya silaha, iliyopitishwa tarehe 31 Mei 2001, inaeleza kwamba neno risasi halimaanishi risasi iliyokamilika peke yake. Ganda, fataki, baruti na kichwa cha risasi huhesabiwa humo pia, iwapo nchi husika imeviwekea vibali. Mataifa ya kanda yetu nayo yalitia sahihi Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, ya kuzuia na kupunguza silaha ndogo, na mwaka uliofuata kikaundwa kituo cha kanda cha RECSA, chenye makao yake Nairobi, kusimamia utekelezaji wake.

HESABU YA MZEE

Baada ya kimya kirefu tulimwuliza mzee swali ambalo kila mnunuzi wa mashine hiyo, po pote alipo, angepaswa kuanza nalo: kwa mwaka unapiga risasi ngapi?

Alihesabu kwa vidole. "Mwaka jana nilipiga tisa."

Katika mchezo wa kulenga visahani, ambao ndio uliozaa mashine hizi, mzunguko mmoja ni visahani 25, na mchezaji hodari humaliza mizunguko kadhaa kwa siku moja. Mtu wa namna hiyo hupiga maelfu kwa mwaka, na kwake mashine huweza kurudisha fedha zake. Mzee wa Masha anapiga tisa. Boksi moja la kiwandani lina risasi 25. Litamtosha karibu miaka mitatu, na kila moja imepimwa, imefungwa na ina alama ya kiwanda chake. Ili ajaze tisa, angenunua mashine, mizani, kitabu, fataki, vizibo na baruti, angekosa idhini, na angewaweka wajukuu wanne karibu na sumu na moto.

Alicheka kidogo. Akasema: "Kumbe nilitaka kununua ng'ombe kwa ajili ya kikombe kimoja cha maziwa."

Tukamshauri mambo manne. Anunue risasi chache kwa muuzaji mwenye leseni, za geji moja tu na aina moja. Azifungie mbali na bunduki, na aandike kila aliyoipiga. Maganda matupu asiyagawe wala asiyaweke akiba, bali aulize kituoni yapelekwe wapi. Na vita vya nguruwe asiviachie bunduki peke yake: handaki la kuzunguka shamba, mbwa, ulinzi wa zamu pamoja na majirani, na taarifa kwa maofisa wa wanyamapori, hufanya kazi hata usiku ambao mwenye bunduki amelala.

WAJIBU WETU SISI WENYE SARE

Kwa askari polisi aliye katika doria kuna la kuzingatia. Ukiona katika upekuzi mhimili wa chuma wenye mkono wa kuvuta na chupa mbili zilizopinduliwa juu yake, umeona mashine ya kujazia. Kando yake huenda pakawa na visanduku vya vidude vidogo ving'aavyo, na vikombe vya plastiki vinavyofanana na ua. Usivute mkono ili kujaribu. Usitie fataki mfukoni, usizitikise, na usichome takataka za chumba hicho. Watoe watu, zuia moto, linda mahali, na umwite fundi silaha. Orodha iandikwe kabla kitu hakijaondolewa.

Kadhalika, ganda tupu lililookotwa njiani lisidharauliwe. Tumewahi kuona watoto wakilipuliza kama filimbi. Katika makazi kama Nakivale, yaliyofunguliwa kuelekea mwaka 1960 na ambayo yamewapokea Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, wengi wao walizikimbia bunduki hizo hizo. Askari atakayemwuliza mtoto kwa Kiswahili cha upole, "Mwanangu, filimbi hii umeipata wapi?" atapata jibu. Atakayekuja kwa kelele atapata mlango uliofungwa, na bunduki iliyolitoa ganda hilo itaendelea kulala mahali ilipo.

Na kwa askari wa jeshi neno ni fupi zaidi. Mzee wa Masha hakuwa mhalifu. Alikuwa mkulima aliyechoshwa na nguruwe, mwenye mkebe wa maganda na ahadi ya kijana mmoja. Katika vyote alivyovitaja siku ile, mashine ndiyo iliyokuwa mbali kabisa, ng'ambo ya bahari. Iliyokuwa karibu ni risasi isiyohesabiwa. Hiyo haihitaji mashine, inahitaji tu mtu mmoja atamke uongo mwisho wa mazoezi ya shabaha.

Jua lilipoanza kuinama, mzee alivaa koti lake la zamani, akachukua mkebe chini ya kwapa, akatuomba lifti hadi njia panda ya kituo. Tulimshusha hapo. Hakutaka tumsindikize ndani. Alinyoosha mgongo, akatupigia saluti ya kikoplo, akaenda.